Harufu Iliyomfukuza Shangazi

Maziwa yaliyoharibika yana harufu mbili, na watu wengi huzichanganya. Ipo ile ya uchachu safi, ya mtindi ulioganda vizuri ndani ya kibuyu, ambayo ukiisikia mate yanakujaa mdomoni na unaanza kutafuta ugali au kiazi cha moto. Na ipo nyingine, nzito, yenye uchungu ndani yake, kama ya kitambaa cha kufutia meza kilichosahauliwa kimelowa kwenye kona ya jiko. Hiyo ya pili haikai puani tu. Inashuka kooni na kubaki huko, na hata ukinawa mikono mara tatu utaisikia tena ukiinua kikombe. Niliijua nikiwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, nyumbani kwetu Ikinga, kwenye vilima vya Ileje, katika wiki zile za ukame kabla mvua za kwanza hazijashuka. Niliijua kabla ya mtu mwingine yeyote wa nyumba yetu, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Wakati huo tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Mbeya. Nyumba yetu ilikuwa mgongoni mwa kilima, ya matofali ya kuchoma na bati, na asubuhi zisizo na ukungu tuliona vilima vya upande wa Malawi vikiwa vya buluu ng'ambo ya bonde. Baba alilima mahindi, maharage na kahawa kidogo. Mama alikuwa kwenye kikundi cha kina mama wa kanisa, na kupitia kikundi hicho alipata mtamba wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, tukampa jina la Sifa. Alipozaa mara ya kwanza, maisha ya nyumbani yalibadilika. Tulikunywa chai ya maziwa siku za kawaida, si Krismasi peke yake. Walimu walileta chupa zao. Mwenye mgahawa wa pale njia panda alichukua dumu zima kila asubuhi. Na jirani yetu wa karibu kabisa, Mama Lugano, alichukua kikombe kimoja kikubwa kwa ajili ya binti yake mdogo, Eliza, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, kwa sababu yeye mwenyewe maziwa yake yalikuwa yamekatika mapema.

Aliyemkamua Sifa alikuwa shangazi yangu, Tusajigwe, ambaye sote tulimwita Shangazi Tusa. Alikuwa mdogo wa mwisho wa baba. Aliolewa Momba, kwenye kijiji kimoja kilicho mbele ya Chitete, na katika mwaka mmoja alimzika mumewe, kisha akamzika mtoto wake wa miezi minane aliyechukuliwa na homa. Wakwe hawakumfukuza, lakini hawakumwambia abaki. Alifika kwetu na begi moja na ndoo ya plastiki yenye kifuniko, akiwa na vumbi jekundu la barabara hadi kwenye nyusi. Mama alimtandikia kitanda kwenye chumba changu. Usiku wa kwanza nilimsikia akipumua kama mtu aliyepanda mlima, ingawa alikuwa amelala.

Ng'ombe alimpenda. Siwezi kulisema vingine. Mama alipokamua, Sifa alirusha miguu na kuzuia maziwa. Shangazi Tusa alipokaa kwenye kigoda chake na kuegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, Sifa aliteremsha masikio na maziwa yakaanza kulia kwenye ndoo, chwaa, chwaa, mpaka povu likapanda. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukifuta kwa kitambaa safi. Tena anakamua matone ya kwanza chini, hayaingii ndooni. Maziwa ya jioni yanachujwa, yanamiminwa kwenye dumu, na dumu linasimamishwa ndani ya beseni la maji ya baridi hadi asubuhi. Ya asubuhi hayachanganywi na ya jioni kamwe. Na vyombo vinaoshwa kwa sabuni, vinasuuzwa kwa maji yanayochemka, vinaanikwa juani vikiwa vimeinama.

Kazi hiyo ya mwisho alinipa mimi. Mama alishinda shambani au sokoni, hakujua tulivyogawana. Aliona vyombo vimeanikwa, akadhani mambo yote ya maziwa yako mikononi mwa wifi yake. Shangazi alasiri alikwenda kukata majani ya ng'ombe bondeni, na mimi nikitoka shule nilikuta ndoo, chujio na dumu vikinisubiri. Dumu lenyewe lilikuwa la lita kumi, la manjano, lililokuwa la mafuta ya kupikia, lenye mdomo mwembamba na mshikio wenye uwazi ndani. Mkono wangu haukuingia. Niliweka changarawe kidogo na sabuni, nikatikisa hadi bega likauma, nikasuuza kwa maji ya moto mara mbili. Shangazi alilichukua, akaweka pua mdomoni mwake, akafumba macho, akasema, "Hapo sawa, Atu. Chombo kikinuka kitu chochote, hata sabuni, bado." Miezi ya mwanzo nilifanya hivyo kila siku na nilijivunia, hata Shangazi akaacha kulinusa.

Ukame ulipokaza, kijito cha karibu kikabaki na tope. Maji tukayafuata kisimani, chini kabisa bondeni, na ndoo moja ilinitoa jasho hadi kwenye visigino. Kuchemsha maji ya kuoshea dumu kulimaanisha safari moja zaidi na moto wa ziada. Lakini nisiseme uongo tena kwenye karatasi hii: siyo maji yaliyonishinda. Mwalimu wa michezo alikuwa amenichagua kwenye timu ya mpira wa pete. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya tarafa, mazoezi yalianza saa kumi kamili, na aliyechelewa alikaa pembeni. Nilikuwa mfungaji. Kwa mara ya kwanza maishani watu wazima walilitaja jina langu kwa sauti na kupiga makofi. Basi nikaanza kusukutua dumu kwa maji ya baridi, tena kidogo, nikalitikisa mara tano, nikaliinamisha kwenye uzio na kukimbia. Siku ya kwanza nilijiambia ni leo tu. Wiki ya pili sikujiambia kitu.

Siku moja, nadhani ilikuwa Alhamisi, nilifungua dumu hilo na ile harufu ya pili ikanipiga. Nilitazama ndani, sikuona chochote. Niligeuza dumu kwenye mwanga wa jua, nikaona kwamba mshikio ulikuwa na kivuli cheusi upande wa ndani ambacho zamani hakikuwepo. Niliweka pua tena. Kisha nikarudisha kifuniko, nikalitundika kwenye uzio, nikaenda uwanjani. Nilifunga magoli mengi siku hiyo.

Haikupita wiki, mwenye mgahawa akarudisha dumu likiwa nusu. Maziwa yalikuwa yamekatika kwenye sufuria, yakawa mabonge na maji ya kijani, na wateja wake walisema chai inanuka. Walimu nao wakatuma mtoto na ujumbe wa heshima, kwamba wanapumzika kidogo na maziwa. Shangazi Tusa alimkagua Sifa chuchu moja baada ya nyingine, akakamulia kwenye kitambaa cheusi kutafuta mabonge, hakuona. Alibadilisha majani. Alifagia banda mara mbili kwa siku. Jioni moja tukiwa jikoni alinigeukia, bila ukali wowote, akiwa ameshika kipande cha kuni.

"Atu, dumu unaosha kwa maji ya moto?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yanayochemka?"

"Yanachemka kabisa."

Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kama mtu anayeondoa wazo, akarudi kwenye moto. Nadhani aliniamini. Ndivyo alivyokuwa, alikuwa amenifundisha mwenyewe, na hakuona kwa nini nimdanganye kwa jambo dogo hivyo.

Kisha Eliza akaugua. Joto lilikuwa kali na kuni za Mama Lugano zilikuwa chache, akayapasha maziwa moto badala ya kuyachemsha. Mtoto alitapika usiku kucha na kuharisha, na kulipokucha macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, hata kulia hawezi. Baba na Baba Lugano walimbeba kwa zamu hadi zahanati. Mganga alimwekea maji ya dripu, na kwa siku mbili hatukujua itakuwaje. Mimi nilikaa nyuma ya banda la Sifa nikiahidi mambo kwa Mungu. Nilimwahidi nitaacha mpira wa pete. Nilimwahidi nitasema. Siku ya tatu Eliza alikubali uji, akarudishwa nyumbani amefungwa mgongoni, na mimi nilipomwona akigeuza kichwa kumtafuta kuku, nikajiona nimesamehewa pasipo kusema neno. Mpira wa pete niliuacha siku tatu.

Maneno yalianzia kisimani. Sijui ni nani aliyetamka wa kwanza, lakini Mama Lugano ndiye aliyeyabeba hadi kwetu, macho mekundu kwa kutolala. Alisema mbele ya mama, nami nikipepeta mahindi kando: "Mama Atu, mimi sina ubaya na mtu. Lakini mwanamke aliyemzika mtoto, maziwa yake yakamkaukia kifuani na uchungu wake, akakamua maziwa ya kunywesha watoto wa wenzake? Wewe mwenyewe huogopi?" Mama alisema hayo ni maneno ya ovyo. Alisema kwa sauti ndogo, hata hivyo, na jioni hiyo aliposikia Shangazi anamwimbia mdogo wangu wa kiume wa miaka miwili, alikwenda akamchukua mtoto mikononi mwake, akasema anataka kumwogesha. Mtoto alikuwa ameshaogeshwa.

Baada ya hapo ilikwenda haraka, na hakuna aliyepiga kelele. Ningependa kusema kwamba walikuja watu na fimbo, kwa sababu ingekuwa rahisi kuwachukia. Walikuja wazee wawili wa kanisa, Jumapili baada ya ibada, wamevaa makoti, wakanywa chai ya rangi na kuomba. Waliomba juu ya ng'ombe, juu ya nyumba, juu ya mtoto wa jirani. Mmoja wao akasema watu wamekuwa na wasiwasi, na kwamba siyo kila mzigo mtu anaoubeba anaujua mwenyewe. Shangazi Tusa alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameikunja, khanga ameifunga hadi shingoni. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Baba alisubiri wazee waondoke. Kisha akasema, akitazama sakafu, kwamba pengine ingekuwa vizuri dada yake akapumzike kidogo Tunduma, kwa binamu yao aliyekuwa anauza nafaka, mpaka hali itulie.

"Kaka," Shangazi akasema, "na wewe unaamini?"

"Sijasema naamini. Nasema watu wanasema."

"Watu wanasema. Na wewe unasemaje?"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mdogo wangu kiunoni. Sentensi niliyoitafuta ilikuwa fupi sana: ni mimi, sikuosha. Ilikaa mdomoni hadi nikahisi ladha yake. Shangazi akanitazama, nadhani kwa sababu tu nilikuwa mbele yake na sinia, nami nikageuka nikaenda jikoni. Nilimsikia akisema nyuma yangu, "Basi nitaondoka. Lakini kaka, maziwa yataendelea kunuka. Mimi nikiwa sipo yatanuka, halafu mtasema nini?"

Aliondoka Jumanne asubuhi na mapema na gari la kwenda Mpemba, aunganishe huko la Tunduma. Baba alimsindikiza hadi barabarani, amembebea begi. Ndoo yake ya plastiki alimwachia mama. Mimi aliniamsha kwa kunigusa kisigino, kama alivyozoea, akaniambia nisome kwa bidii na nimwangalie Sifa chuchu ya nyuma kulia, ina tabia ya kupasuka wakati wa baridi.

Na maziwa yakaendelea kunuka. Mama alikamua yeye, na kuosha vyombo sasa akanikabidhi mimi rasmi. Nilijaribu. Nilirudi kwenye maji ya moto, nikatikisa changarawe hadi vidole vikafa ganzi, lakini kilichokuwa ndani ya mshikio kilikuwa kimeshajenga, hakikung'oka. Watu walisema ameacha kitu. Baba alivumilia wiki tatu, kisha akamwita bwana mifugo, kijana mmoja aliyefika na pikipiki yenye matope, kofia mkononi. Alimpima Sifa, akasema ng'ombe ni mzima kabisa, mumshukuru Mungu. Akaomba kuona vyombo. Ndoo aliinusa akairudisha. Dumu alilinusa, akakunja uso, akaomba panga.

Aliukata mshikio mara moja tu, pale uani, mbele yetu sote. Ndani yake kulikuwa na ute wa njano ulioelekea kijani, mnene kama makamasi, na harufu iliyotoka ilimfanya mama azibe pua kwa kitenge. Kuku walikuja kutazama wakaondoka. Bwana mifugo alichuchumaa, akatueleza kwa upole, akitumia kijiti kuonyesha. Alisema maziwa yakitoka kwa ng'ombe mzima yanakuwa masafi, ila ni chakula, na vijidudu visivyoonekana vinakipenda chakula hicho kama sisi tunavyokipenda. Vinaingia kutoka mikononi, kwenye mkia wa ng'ombe, kwenye vumbi la banda, na zaidi ya yote kwenye chombo. Vikipata joto vinazaana. Vilivyokuwa vichache jioni vinakuwa jeshi kabla ya asubuhi. Vingine vinakula sukari iliyomo kwenye maziwa na kuacha uchachu, na hivyo ndivyo tunavyopata mtindi. Vingine vinavunja mafuta na kile kinachofanya maziwa yagande, na hivyo ndivyo vinavyoleta uchungu na uvundo. Maziwa mapya mkimimina humu, akasema, ni sawa na kupanda mbegu. Hapana haja ya kutafuta mchawi. Sijui nani alikuwa amemdokeza.

Halafu akauliza, akinyanyuka na kujikung'uta magoti, "Nani anaosha dumu hili?"

Mama alinitazama, kwa sababu wiki hizo tatu nilikuwa mimi. Nikasema, "Alikuwa anaosha shangazi. Mimi nimeanza juzi juzi." Lilitoka kwa urahisi kiasi kwamba nilishangaa. Mama akashusha pumzi. Uchafu ule ulikuwa wa zamani, hilo kila mtu aliliona. Bwana mifugo akauliza huyo shangazi yuko wapi. "Amesafiri," baba akasema, haraka. "Basi akirudi," kijana yule akasema, "mwelezeni asisikie vibaya. Watu wengi hawajui. Mtafutieni chombo cha mdomo mpana, mkono uingie."

Baba alinunua chombo cha alumini chenye mdomo mpana. Mama aliosha kwa mkono wake. Maziwa yakawa mazuri tena, mwenye mgahawa akarudi, walimu wakarudi, hata Mama Lugano akarudi na kikombe chake. Na pale kisimani watu wakahesabu wiki kwa namna yao, wakasema, mnaona, tangu yule dada aondoke mambo yametulia. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya ndoo niliposikia. Mama alikuwa nami. Alisogeza ndoo yake mbele.

Nilimwona Shangazi Tusa mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari ya bweni upande wa Mbozi, na mama alinipeleka Tunduma kununua tranka na godoro. Binamu wa nafaka alikuwa amechoka kukaa naye zamani. Sasa alikuwa na meza yake ya chai karibu na maegesho ya malori, chini ya turubai, katikati ya moshi wa dizeli na honi za magari yanayongoja kuvuka. Alikuwa amekonda. Mkono wake ulikuwa na kovu la maji ya moto. Madereva wa Zambia aliwasalimia "Mulishani," wakacheka na kumwita mama, ingawa wengi walikuwa wakubwa kwake. Mama alijifanya ana haraka ya kuwahi duka la magodoro, akatuacha. Shangazi alinikalisha kwenye benchi, akanimiminia chai, akachota maziwa ya unga kwenye kopo na kuyakoroga kwa nguvu.

"Hapa natumia ya unga," alisema. "Hayana maneno."

Aliniuliza habari za Sifa. Nikamwambia amezaa tena. Aliniuliza habari za Eliza, kama anatembea. Nikamwambia anakimbia. Akafurahi, akafurahi kweli, akajipiga kofi pajani. Palikuwa na nafasi ya kusema hapo. Dereva mmoja alikuwa amemaliza chai yake, mwingine hajaja, na shangazi alikuwa amekaa ananitazama akiwa na kitambaa begani. Nilikunywa ile chai. Nilisema, "Shangazi, baba anakusalimia," jambo ambalo baba hakuwa amesema. Alinipa mandazi manne ya kula shuleni, ameyafunga kwenye gazeti.

Alifariki nikiwa kidato cha pili. Kifua, walisema, aliugua muda mrefu kwenye chumba cha kupanga na majirani ndio waliotuma taarifa. Baba alikwenda na gari la kukodi kumchukua, akazikwa Ikinga, nyuma ya shamba la kahawa, na wazee wale wale wa kanisa waliomba. Mmoja alisema marehemu alikuwa mchapakazi na mpole. Mama Lugano alilia kuliko watu wote, hadi akashikwa, na mimi nilimtazama nikiwa na sare za shule na macho makavu kabisa. Niliogopa nikianza kulia nitaongea.

Nilikaa na jambo hili hadi nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe. Mwaka juzi, likizo ya Desemba, nilikuwa kibarazani na baba tukichambua maharage ya mbegu. Mama alishatutoka. Baba ameanza kutoona vizuri, anachambua kwa vidole. Mvua ilikuwa imekatika na nyumba ilikuwa kimya, nikamwambia tu, pasipo utangulizi, kwamba dumu lile niliosha mimi tangu mwanzo, kwamba shangazi hakuwahi kuliosha, na kwamba siku ya panga nilisema uongo. Nilisema yote bila kumtazama. Vidole vyake havikusimama.

"Najua," akasema.

Nikauliza anajua tangu lini.

"Nilikuwa nakuona. Pale juu kwenye kahawa, uzio wote unaonekana. Unasukutua, unakimbilia mpira. Ila sikujua kama ni kosa mpaka yule kijana alipokata." Akatupa harage bovu. "Ulipotaja shangazi yako, nikajua unadanganya."

"Mbona hukusema, baba? Angerudi."

Alichota konzi nyingine ya maharage. "Ningesema, ingebidi nimfuate. Ningemfuata, ingebidi nimwambie kwamba nilimtoa nyumbani kwa baba yake kwa sababu ya dumu. Ningewaambia wazee walioomba sebuleni kwangu. Nilisema nitakwenda baada ya mavuno. Mavuno yakaisha." Kisha akasema, "Wewe ulikuwa mtoto," na nilielewa kwamba hakuwa ananifariji, alikuwa anajihukumu. Tulimaliza debe lile la maharage.

Siku hizi nafundisha shule ya msingi upande wa Itaka. Maziwa ya huku yanakusanywa na pikipiki kabla jua halijapanda, kwenye makopo ya chuma yanayong'aa. Mpokeaji anatumbukiza kipimajoto, anatia dawa ya kupimia, ananusa, na yasiyofaa yanarudi kwa mwenyewe na maelezo. Ikinga nako ni hivyo hivyo, nimeambiwa. Umeme umefika na Eliza, ambaye sasa ana watoto wawili, anauza mtindi kwenye friji. Kwa nini maziwa yanaharibika ni somo la kipindi kimoja darasani kwangu. Naandika ubaoni: uchafu, joto, muda. Watoto wananakili, wanajibu mtihani, wanapata vema. Najua kwamba kama tungekuwa na maneno hayo matatu wakati ule tusingemwacha aende, halafu nakumbuka kwamba tulikuwa nayo. Bwana mifugo alituletea hadi uani kwetu, shangazi akiwa hai, umbali wa nusu siku kwa gari, na sote tulisikia vizuri.

Mwezi uliopita tulipokea mwalimu mpya, msichana aliyetoka chuoni, amekuja na begi moja na godoro. Nilimsaidia kujaza fomu za kuripoti. Kwenye sehemu ya umri aliandika ishirini na sita, na mimi nikaacha kalamu. Nilimwomba baba kwa simu anikumbushe mwaka aliozaliwa Shangazi Tusa, tukapiga hesabu pamoja, polepole. Siku alipokaa kwenye mkeka ule karibu na mlango, huku wazee wanaomba, alikuwa na umri huo huo. Miaka yote nimemkumbuka kama mtu mzima. Yule mwalimu mpya mimi namwita mwanangu, na akichelewa kutoka darasani namwekea chakula.